Nusu ya nilichokikuta kwenye mafuta ya makaa ya mawe nilikiweka mwenyewe

Kilele kilikuwa kizuri mno. Kilisimama peke yake kwenye skrini ya mashine ya kutenganisha kemikali, chembamba na kirefu, kati ya kundi la dimethili-naftalini na fluoreni, na nilikuwa nimekifuatilia kwa wiki 3. Ioni kubwa, yaani kipande cha molekuli kilichojitokeza zaidi, 205; ioni ya molekuli nzima 220. Maktaba ya spektra, yaani orodha ya alama za uzito za kemikali zinazojulikana, ilisema ni fenoli yenye matawi mazito pembeni, na kwa kuwa mafuta ya makaa ya mawe yamejaa fenoli, niliamini. Nilikuwa nimeshaandika aya nzima kueleza jinsi fenoli hiyo inavyozaliwa makaa yanapopasuka. Aya nayo ilikuwa nzuri. Vyote viwili, kilele na aya, vilitoka kwenye chupa ya kiyeyushi.

Nitakifikia kilele hicho. Ninamwandikia mtu ambaye ameambiwa kama nilivyoambiwa mimi: chukua makaa ya mawe, yageuze kuwa mafuta, kisha tuambie ndani yake mna nini. Sentensi fupi. Kazi yenyewe ilinichukua miezi 14, na karibu 5 kati ya hiyo nilikuja kuitupa.

Jambo la kwanza lingeniokolea mwezi mzima. Kuna njia mbili za kutoa mafuta kwenye makaa ya mawe, na mafuta yake hayafanani hata kidogo. Ile ya Franz Fischer na Hans Tropsch huyageuza makaa kwanza kuwa gesi, yaani kaboni monoksidi na hidrojeni, kisha huijenga gesi hiyo upya juu ya kichocheo cha chuma au kobalti. Ndiyo inayotumika Secunda, Afrika Kusini. Ile ya Friedrich Bergius, aliyeiwekea hataza mwaka 1913 na kupata Nobel mwaka 1931 pamoja na Carl Bosch, haipiti kwenye gesi. Makaa husagwa, huchanganywa na mafuta, hupashwa joto kupita nyuzi 400 chini ya shinikizo kubwa la hidrojeni, mpaka molekuli zake kubwa zipasuke na hidrojeni izibe mahali palipopasuka. Kiwanda cha Ordos, China, kilichowashwa mara ya kwanza mwishoni mwa 2008, kinafuata njia hii.

Mimi nilikuwa upande wa Bergius. Mwenzangu aliyenitangulia kwenye mashine alikuwa upande wa Fischer na Tropsch, nami nikarithi mpangilio wake wa kromatografu ya gesi, mashine inayovukiza mchanganyiko na kuutenganisha ndani ya mrija mwembamba uitwao kolamu, jinsi ulivyo, bila kuuliza. Sampuli zake zilitoka kama meno ya kitana: kaboni 8, 9, 10, 11, kila jino na nafasi yake. Yangu ilitoka kilima. Kilima kimoja kinene, na vilele vimechomoza mgongoni mwake kama miti. Nikadhani kolamu imekufa. Nikafunga mpya. Kilima kikarudi kilekile.

Kolamu haikuwa na kosa. Mafuta ya njia ya moja kwa moja ni pete juu ya pete: naftalini, fenantreni, pireni, kila moja ikiwa na mikia ya methili 1, 2 au 3 iliyoning'inia mahali tofauti, na katikati yake zile zenye oksijeni, nitrojeni na salfa. Isoma, yaani molekuli zenye atomi zilezile zilizopangwa tofauti, ni nyingi kuliko nafasi ambazo kolamu inaweza kutoa, hivyo zinapandiana. Kilima ndiyo sura halali ya mafuta hayo. Kinachosaidia ni kuyagawa kabla ya kuyapeleka kwenye mashine: safu ya silika, kwanza heksani, halafu tolueni, mwisho methanoli. Sehemu ya heksani ilinipa kitana changu mwenyewe, kidogo lakini chenye meno yote, maana alkani, minyororo mitupu ya kaboni na hidrojeni, zipo hata humu, zimefunikwa tu. Nilifurahi kuliko ilivyostahili.

Makosa yaliyofuata yalikuwa ya mizani, na ndiyo yanayonitia aibu hadi leo.

Kila jaribio lilianza na gramu 3.00 za makaa yaliyosagwa, gramu 9 za tetralini kama kiyeyushi chenye kugawa hidrojeni, na gramu 0.09 za oksidi ya chuma na salfa kidogo kama kichocheo. Vyote ndani ya kinu kidogo cha chuma cha pua, hidrojeni ikasukumwa ndani, kinu kikatumbukizwa kwenye beseni la mchanga wa moto, nyuzi 425, dakika 60, huku kikitikiswa. Baada ya hapo unaosha kila kitu, unachuja, unapima kisichoyeyuka kwenye THF (tetrahidrofurani, kiyeyushi kikali). Hicho ndicho makaa yaliyogoma. Kilichobaki, unasema kimegeuka.

Nilipata mabaki gramu 1.02. Nikatoa kwenye 3.00, nikagawa, nikapata asilimia 66 na nikaiandika kwenye daftari kwa wino. Sasa tazama nilichokisahau. Makaa yale yalikuwa na maji asilimia 6, kwa hiyo makaa makavu yalikuwa gramu 2.82. Asilimia 12 ya hayo ni majivu, gramu 0.34, ambayo hayageuki kuwa mafuta hata ukiyapika mwaka mzima. Kitu chenyewe kinachoweza kugeuka kilikuwa gramu 2.48 tu. Na kwenye ile 1.02 ya mabaki mlikuwa na majivu yaleyale 0.34 pamoja na kichocheo changu. Ukiviondoa vyote, makaa yaliyogoma ni kama gramu 0.59, na mgeuko ni asilimia 76. Pointi 10 za tofauti, kwa jaribio lilelile, bila kugusa kitu. Hata kichocheo nacho kina hila yake: kinaingia kama oksidi ya chuma na kutoka kikiwa salfidi, kizito zaidi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kwa gramu 0.09 haitishi. Ukitumia kingi, itakutisha.

Pima maji na majivu ya makaa yako siku ileile unayopima makaa yenyewe, usichukue namba za kwenye lebo ya mfuko. Makaa yaliyosagwa laini hunywa unyevu wa chumba huku unayatazama. Tena hunywa oksijeni. Nilikuwa nikiyakausha kwenye oveni ya kawaida, nyuzi 110, usiku kucha, hewa ikipita, na mgeuko ukawa unashuka wiki hadi wiki. Makaa yaliyooksidika hayayeyuki vizuri. Nilipohamia oveni ya ombwe, nyuzi 80, kushuka kukakoma. Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini wale wa Argonne, Marekani, walipoandaa sampuli zao 8 za rejea walizifunga ndani ya vioo visivyo na oksijeni. Nilikuwa nikidhani ni mbwembwe.

Halafu kuna kile kikombe cha karatasi cha Soxhlet, ambacho ndicho kinachobeba mabaki huku kiyeyushi kikizunguka juu yake kwa saa 24 au 48. Kikombe kina uzito wa gramu 3 hivi. Karatasi ni karatasi, inavuta unyevu. Nilikuwa nakipima kikiwa kimetoka kwenye boksi, kisha baada ya kazi nakipima kikiwa kimetoka kwenye oveni, kimekauka kabisa. Tofauti ya unyevu peke yake ilifika gramu 0.15. Rudisha namba hiyo kwenye zile gramu 2.48 uone: pointi 6 za mgeuko, zimetoka kwenye karatasi. Kikaushe kikombe kwa joto lilelile kabla na baada, kipoe kwenye chombo cha kukaushia chenye silika, kipimwe baada ya muda uleule. Fundi wetu wa maabara, mzee ambaye hakuwa na maneno mengi, aliniona nikikimbia na kikombe cha moto mkononi kuelekea mizani. Akasema, "Kijana wangu, mizani hiyo inapima na moto pia." Sikumwelewa. Hewa ya joto inayopanda kutoka kwenye kitu cha moto hukiinua, mizani inasoma pungufu.

Kuhusu majina ya mafungu. Utasikia watu wa fani hii wakisema mafuta, asfalteni, preasfalteni, kana kwamba wanataja kemikali. Mafuta ni kinachoyeyuka kwenye heksani. Asfalteni hakiyeyuki kwenye heksani lakini kinayeyuka kwenye tolueni. Preasfalteni kinakataa tolueni, kinakubali THF. Ni majina ya tabia, si ya vitu. Nilijaribu siku moja kubadili mpangilio: badala ya kuanza na heksani kisha tolueni kisha THF, nikayeyusha kila kinachokubali THF kwanza, halafu nikamwagia heksani ili asfalteni izame. Kinu kilekile, bidhaa zilezile, na asfalteni zikabadilika namba, kwa sababu zinapozama huzama na mafuta kiasi yaliyonaswa humo. Kama unalinganisha namba zako na za mtu mwingine, soma kwanza alianza na kiyeyushi gani. Ukikuta hakuandika, usijisumbue kulinganisha.

Sasa kilele changu.

THF ikikaa na hewa hutengeneza peroksidi, na peroksidi zikikolezwa hulipuka. Kwa hiyo nyingi zinazouzwa huwekwa kizuizi kidogo kinachoitwa BHT, mara nyingi sehemu 250 kwa milioni. Imeandikwa kwenye lebo, kwa herufi ndogo. BHT ni fenoli yenye matawi mazito pembeni. Molekuli yake ina uzito wa 220. Ikipoteza methili moja inabaki 205.

Sehemu 250 kwa milioni huonekana si kitu. Lakini piga hesabu: kila uchujaji ulikula karibu mililita 300 za THF, ambazo nilizivukiza zote ili nibaki na preasfalteni. THF iliondoka. BHT haikuondoka. Miligramu 70 hivi za BHT zilibaki chini ya chupa, zimechanganyika na miligramu 200 na kidogo za preasfalteni. Kila nilipozidi kuosha vizuri, kwa uangalifu, kwa kiyeyushi kingi zaidi, kilele kilizidi kukua. Na mimi nikaandika kwamba fenoli hii huongezeka kadiri uchujaji unavyokuwa kamili. Kweli kabisa.

Lakini lililoniuma si hilo peke yake. Nilipojiuliza kwa nini BHT ilionekana kubwa namna ile kuliko kila kitu kingine kwenye fungu la preasfalteni, jibu lilikuwa kwamba hakukuwa na kitu kingine cha kuonekana. Preasfalteni ni nzito. Hazivuki kuwa mvuke kwenye kromatografu ya gesi. Unazidunga, zinafika kwenye mrija wa kioo mlangoni mwa mashine, zinaungua, zinabaki hapo kama masizi. Nilipoufungua mlango nikaukuta mrija umekuwa mweusi tii, na kipande cha mwanzo cha kolamu kimegeuka rangi ya kahawia. Kwa wiki 3 nilikuwa nikiiangalia skrini ambayo ilionyesha kila kisicho cha makaa, huku cha makaa chenyewe kimelala mlangoni.

Nyani haoni kundule. Nilikata sentimita 30 za kolamu, nikabadilisha mrija, nikaenda kulala mapema.

Kesho yake nilifanya nililopaswa kulifanya siku ya kwanza: jaribio bila makaa. Kinu kilekile, tetralini ileile, kichocheo kilekile, hidrojeni, nyuzi 425, dakika 60, kikombe cha karatasi, THF, kivukizi, kichupa cha plastiki cha kuhifadhia, sindano. Kila hatua, isipokuwa makaa hayamo. Halafu nikakaa mbele ya skrini nikihesabu.

Naftalini ilikuwepo, kubwa kupita kiasi. Tetralini ikigawa hidrojeni zake 4 inabaki naftalini, hiyo ndiyo kazi yake. Kwenye majaribio yenye makaa, hata moja ya tano tu ya zile gramu 9 ikigeuka, unapata gramu 1.7 za naftalini kutoka kwenye kiyeyushi, wakati makaa yenyewe hayazidi gramu 2.5. Utaitambuaje naftalini ya makaa humo? Huitambui. Niliacha kabisa kudai chochote kuhusu naftalini, nikautumia uwiano wake na tetralini kwa kazi inayoufaa, yaani kukadiria hidrojeni kiasi gani imehama kwenda kwenye makaa. Palikuwepo pia dekalini kidogo, na methili-indani, ambayo ni tetralini iliyojikunja upya kwa joto. Hiyo methili-indani nayo nilikuwa nimeshaipa ukurasa wake.

Palikuwa na ketoni. Uzito 146, ioni kubwa 118: tetraloni. Kwenye rasimu yangu ilisimama kama ushahidi wa oksijeni ya makaa. Chupa ya tetralini ilikuwa imefunguliwa muda mrefu kabla sijaingia maabara ile, na tetralini ikikaa na hewa huoksidika yenyewe. Chupa mpya iliyokenekwa tena ilifuta ketoni yote. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa, kwa kalamu isiyofutika, na usiamini chupa isiyo na tarehe. Na peroksidi zipo humo pia, kwa hiyo kamwe usiikeneke chupa ya zamani mpaka ikauke bila kuipima kwanza kwa vile vikaratasi vya peroksidi.

Ioni 149 ilikuwepo, ambayo ni saini ya thaleti, zile zinazolainisha plastiki. Vichupa vyangu. Ioni 207 na 281 zilijitokeza kuelekea mwisho, kadiri joto lilivyopanda: hizo ni siloksani za kolamu yenyewe, inavuja kidogo kidogo ikichemka. Na BHT, imesimama pale, ndefu.

Nilichora orodha ya vilele vya jaribio tupu na kuibandika ukutani pembeni ya skrini. Nilipoipitia rasimu yangu na orodha ile mkononi, zaidi ya nusu ya vilele nilivyokuwa nimevitaja kwa jina vilikatwa.

Watu wameniuliza kama ningetumia THF isiyo na kizuizi. Nilijaribu. Inawezekana, lakini unalazimika kuipima peroksidi kila mara, kununua chupa ndogo ndogo, na kutovukiza mpaka ikauke. Niliamua kurudi kwenye ile yenye BHT, kwa sababu kilele ninachokijua kinanisumbua kidogo kuliko chupa inayoweza kunilipukia. Kwa mafungu niliyotaka kuyapima elementi, ambako hizo miligramu 70 zingeharibu namba ya hidrojeni, niliosha preasfalteni kwa heksani mwishoni. BHT inayeyuka humo, preasfalteni haziyeyuki.

Hata vilele vilivyobaki, vya makaa kweli, vina mitego. Maktaba ya spektra itakupa jina kwa kujiamini, asilimia 96, na jina si sahihi. Fenantreni na antraseni zote ni 178, spektra zake ni mapacha. Methili-naftalini mbili hivyohivyo. Kinachozitofautisha ni muda wa kutoka, hivyo tumia kielezo cha Lee, ambacho huzipa pete zilizoungana alama za kudumu: naftalini 200, fenantreni 300, kriseni 400, piseni 500, na kila kilele kinapimwa kati ya alama hizo. Nilidunga viwango halisi 16, yaani kemikali safi zinazojulikana, na kujenga mstari wangu mwenyewe. Siku 2 za kazi, zikaondoa mabishano ya miezi. Mtego mwingine ni 184: dibenzothiofeni ina uzito huo, na naftalini yenye kaboni 4 za pembeni ina uzito huohuo kwenye mashine ya kawaida. Makaa yangu yalikuwa na salfa nyingi, kwa hiyo nilitaka iwe dibenzothiofeni, na hapo ndipo mtu anapojidanganya. Kigunduzi cha salfa kilithibitisha kilele kimoja, kikakana viwili.

Na tetralini yenyewe huitia mashine adabu. Ni robo tatu ya unachodunga. Ikifika kwenye spektrometa, sehemu ya mashine inayopima uzito, bila kupunguzwa, filamenti, waya wake unaowaka, inaumia. Niliunguza 2 kabla sijajifunza kuizima filamenti kwa dakika zile tetralini inapopita, kisha kuiwasha tena. Unapoteza kila kinachotoka sambamba nayo. Afadhali.

Upande wa vizito, ambavyo gesi haivifikii, nilibaki na njia zisizo na vilele vya kupendeza. Kaboni, hidrojeni na nitrojeni kwa kuunguza. Mwangwi wa sumaku wa kiini, NMR, wa protoni, unaokuambia hidrojeni ngapi zimekaa kwenye pete, ngapi jirani na pete, ngapi mbali kwenye mikia. Kromatografu ya ukubwa wa molekuli, ambayo sikuiamini sana kwa asfalteni maana zinashikana zenyewe na kujifanya kubwa. Namba hizi hazina majina ya kemikali. Zilichonipa ni mwelekeo: asfalteni za dakika 60 zilikuwa na hidrojeni chache za mikia kuliko za dakika 15, yaani joto linaendelea kunyoa mikia huku pete zikibaki. Hilo ndilo tokeo langu pekee ninaloweza kulisimamia bila kigugumizi, na halikuhitaji maktaba ya spektra hata mara moja.

Nisisahau pua. Ukifungua kinu, gesi hutoka na harufu ya mayai viza, hidrojeni salfidi. Mara ya tatu au ya nne niliisikia harufu ile kwa nguvu, kisha ikakatika. Nikadhani kabati la kufyonza hewa limeimaliza, nikasogeza kichwa. Kengele ya kifaa cha kifuani ikalia. Harufu haikuwa imekwisha, pua yangu ndiyo iliyozima. Kuanzia karibu sehemu 100 kwa milioni gesi hiyo huua uwezo wa kunusa, halafu inaendelea na mambo yake. Kaboni monoksidi iliyo pamoja nayo haina harufu tangu mwanzo. Sikudhurika, lakini mikono ilinitetemeka mpaka jioni. Tangu hapo gesi zote nilizipeleka kwenye mfuko wa kukusanyia kupitia mrija, na mfuko nikaupima siku ileile, kwa sababu hidrojeni hupenya kuta za mfuko na kesho unakuta imepungua.

Glavu pia. Mafuta mazito ya makaa yana benzopireni na ndugu zake. Mwaka 1775 daktari Mwingereza, Percivall Pott, alihusisha masizi na saratani ya ngozi kwa wasafisha mabomba ya moshi, na kinachochafua vidole vyako hapa ni cha ukoo huohuo. Glavu nyembamba haizuii tolueni kwa muda. Badilisha kila unapomwagikiwa, usingoje ilowe.

Jedwali langu la mwisho, kwa gramu 100 za makaa bila maji wala majivu, lilisomeka hivi: gesi 9, maji 5, mafuta 34, asfalteni 17, preasfalteni 9, mabaki 24. Jumla 98. Hidrojeni iliyoingia, ya tetralini na ya gesi pamoja, ilikuwa 3, kwa hiyo kilichotakiwa kupatikana ni 103. Zamani ningeyapata mafuta kwa kutoa vyote vingine kwenye 103, na jumla ingefunga vizuri kabisa, kwa sababu makosa yote ya mizani, karatasi na unyevu yangemiminika kwenye mstari wa mafuta na kuitwa mafuta. Safari hii mafuta niliyapima yenyewe, kwa kiwango cha ndani, yaani kemikali ya kiasi kinachojulikana, kilichowekwa baada ya kinu kupoa. Nikaongeza mstari wa saba: hayakupatikana, 5.

Msomaji aliyepewa kazi yangu aipitie aliweka kidole kwenye mstari huo kabla ya mwingine wowote. Akauliza zimekwenda wapi. Nikamwambia nyingi ni mafuta mepesi, benzeni, tolueni na wenzake, yaliyoondoka pamoja na viyeyushi kwenye kivukizi, na kwamba nilijaribu kuyanasa kwa mtego wa baridi nikanasa moja tu kati ya sita. Akauliza kama mtego ulikuwa wa barafu kavu. Nikasema ndiyo. Akaandika pembeni, "Jaribu nitrojeni ya kimiminika, lakini usivute hewa ndani, oksijeni itageuka kimiminika humo," akafungua ukurasa uliofuata.